Salama, Ila

Murubona, Kasulu
22 Juni 2025

Mpwa wangu,

Kwa miaka 34 niliwafundisha watoto kuandika barua ya kirafiki. Anwani juu kulia, tarehe chini yake, kisha ile sentensi ambayo hata wewe niliwahi kukupigia mstari mwekundu ulipoikosea: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako." Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyenyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na kama si mzima?" Wala mimi sikujiuliza. Basi barua hii itaanza vibaya. Ingekuwa ya mtihani ningejinyima alama tatu.

Nianze na nilichokiona. Alhamisi ya tarehe 12 nilikuja Kibondo kufuatilia fedha zangu za maharage kwa mchuuzi ambaye kila nikimpigia simu yuko "njiani". Saa nne asubuhi nilishuka stendi. Nikakuona chini ya mwembe, umekaa juu ya kreti tupu la soda, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni kwa ile kamba yake ya buluu. Ulikuwa unatazama magari yakipakia kama mtu anayesubiri mgeni. Kulikuwa na kijana muuza karanga karibu yangu, nikamuuliza yule bwana anamsubiri nani. Akasema, "Yule? Huwa yupo kila siku, mzee. Ikifika saa kumi anaondoka."

Nilitakiwa kuja kukusalimia. Sikuja. Nilijibanza nyuma ya fuso lililokuwa linapakia mizigo, mimi mtu mzima wa miaka 66, nikakuchungulia kama mtoto anayecheza kombolela. Halafu nikapanda gari la kurudi bila hata kumwona yule mchuuzi. Njia nzima, Mvugwe, Makere, mpaka naingia Kasulu, nilijiambia kwamba nimekustahi. Uongo. Niliogopa kwamba nikikusogelea utaniambia jambo la kweli, na mimi sitajua pa kuliweka.

Nilipofika nyumbani nikampigia jamaa yangu mmoja aliye kwenye kazi kama yako za kambi za wakimbizi. Alishangaa kwamba sijui. Mkataba wako uliisha Februari. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, sisi huku tulianza kuhesabu kwa vidole nani ataguswa, maana kazi nyingi za kitambulisho shingoni katika wilaya zetu zimeishi kwa kambi: Nyarugusu upande wa Kasulu tangu 1996, Nduta upande wenu. Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021 tuliwaona walinzi na madereva wakirudi vijijini na mabegi yao, kwa hiyo hakuna aliyedhani kazi hizi ni za milele. Nilichokuwa sikijui ni kwamba wewe uliondolewa na hujasema. Mwezi Mei dada yangu, mama yako, alisimama kanisani kutoa shukrani kwamba wenzako wamepunguzwa ila wewe umebakizwa. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Watu wa mjini wana msemo wa kufa na tai shingoni. Nilidhani ni mzaha wa Dar es Salaam mpaka nilipoiona ile kamba ya buluu.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu najua utakachosema kabla sijamaliza kusalimia: "Niko poa mjomba, mambo yanaenda." Kwa hiyo vumilia karatasi, na vumilia somo fupi la Kiswahili, maana ugonjwa wa mwalimu hauishi kwa kustaafu.

Mtu akikuuliza hujambo, jibu ni sijambo, yaani sina jambo, hata kama paa linaungua. Akija mama jirani hapa kwangu asubuhi, nikamuuliza habari za nyumbani, atasema, "Salama, ila mtoto amelala na homa." Au, "Nzuri, ila tumefiwa." Wageni wanaojifunza lugha yetu hucheka: itakuwaje nzuri na mmefiwa? Lakini salamu hiyo ina akili nyingi. Kwanza inamkaribisha mtu, inamkalisha, halafu ndipo inamtua mzigo. Jambo lenyewe limekaa nyuma ya "ila". Sasa wasikilize wanaume. "Vipi?" "Poa." "Mambo?" "Freshi." "Za nyumbani?" "Salama." Na hapo hapo mtu anapiga kiki pikipiki yake. Wiki hii yote nimekuwa nawasikiliza, sokoni, kwa kinyozi, nje ya kanisa, nikihesabu. Wanaume wawili tu walifika kwenye "ila", na mmoja wao alikuwa analalamikia Yanga. Tukifika "salama" tunashuka, kama abiria aliyeishiwa nauli kabla ya kwao.

Wewe "ila" yako nilikunyang'anya mimi. Kumbuka siku tuliyomzika shemeji yangu, baba yako, mwaka 2019. Wanawake walikuwa ndani wakilia, sisi wanaume nje tumeuzunguka moto tukizungumzia bei ya mbolea. Kaburini ulichukua koleo ukaanza kufukia, uso mkavu, mkono haukutetemeka. Nikamgeukia mtu aliyesimama kando yangu nikasema kwa sauti ya kutosha usikie: "Huyu ni mwanaume. Hajadondosha hata chozi." Ulisikia, kwa sababu ulinyoosha mgongo. Usiku ule ulihesabu viti vya kukodi, ukalimaliza deni la jeneza, ukawasindikiza wageni mpaka barabarani. Hakuna aliyekuuliza kama umekula. Sifa ile niliyokupa naifuta. Sisemi ulikosea kutolia, kila mtu na kilio chake. Nilikosea mimi kuitoa sifa ile kama cheti, kwa sababu mtu aliyepewa cheti hukitunza.

Na mimi kutoa cheti cha namna hiyo nilifundishwa wapi? Nitakueleza ya nyumba yetu tu. Babu yako mzaa mama alikwenda mkonge. Waingereza waliifanya nchi yetu ya Buha kuwa ghala la vibarua. Kodi ya kichwa ilitakiwa kwa shilingi, na shilingi hazikuota huku kwenye milima yetu ya mihogo na maharage, kwa hiyo mwanaume aliuza mikono yake mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Waha walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Garimoshi kutoka Kigoma, kisha malori, hadi Tanga. Kila mtu alipewa namba, ndiko lilikotoka jina la manamba. Kipande kilikuwa cha siku 30, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa.

Baba alirudi na mablanketi mawili na ukimya. Hakutusimulia siku hata moja ya Tanga. Tulijua kitu kimoja tu: kamba ya katani hairuhusiwi nyumbani. Mbuzi wetu walifungwa kwa kamba za magome ya miti. Nilipokuwa na miaka 12 niliokota sokoni kamba ya katani, mpya, nzuri, nikaileta kwa furaha. Aliinyanyua kwa fimbo, kama mtu anayeondoa nyoka, akaitumbukiza chooni. "Inanuka," alisema. Haikuwa inanuka. Mwaka uliofuata, 1972, ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa. Baba alipakia vyombo, akafunga mlango, akaiacha migomba aliyoipanda kwa mkono wake bila kugeuza shingo. Watu wakasema mzee yule ana moyo wa jiwe. Mama ndiye aliyejua kwamba kwa muda wa mwaka mzima, jioni, alikuwa anarudi kwenye matongo yetu kukaa tu.

Simlaumu. Mtu aliyepewa namba mahali pa jina ana haki ya kukificha kilichobaki. Katikati ya mkonge, panga mkononi, nyapara mgongoni, huwezi kusema moyo wako umechoka. Ukakamavu ule ulimrudisha nyumbani akiwa hai, na bila huo mimi na wewe tusingekuwepo. Ila alipofika nyumbani hakujua namna ya kuuvua, na sisi wanawe tukadhani ndiyo ngozi yake.

Mimi niliivaa ngozi hiyo nikaizidisha. Likizo ya Desemba 1996, nikiwa mwalimu kijana huko Kibondo, nilipata kibarua cha ukalimani katika kambi ya Kanembwa. Burundi ilikuwa inaungua tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, na baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya ya Julai 1996 watu walizidi kumiminika. Sisi Waha na Warundi tunasikilizana, kwa hiyo Muha mwenye Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kuombea maji alikuwa dhahabu. Nilikaa kati ya mkimbizi na karani, na kila kitu kilipita kinywani mwangu.

Wanawake walisimulia. Walilia, wakanyamaza, wakaendelea. Wanaume walipoulizwa, una tatizo lolote, walijibu, "Oya. Ni amahoro." Hapana, ni amani. Nami nikatafsiri: hakuna tatizo. Karani akaandika: hakuna. Namkumbuka mmoja, mtu wa makamo. Mkewe alikuwa ametoka kututajia watoto waliobaki njiani, mmoja mmoja kwa jina. Ilipofika zamu yake akasema ni amahoro, huku vidole vyake vikiuvuta mkeka tuliokalia, ukindu mmoja baada ya mwingine, mpaka akaacha tundu la kuingia ngumi. Karani hakuuliza habari za mkeka. Na mimi nililipwa kutafsiri maneno.

Warundi na Wanyarwanda wana methali kwamba machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni. Wazee wetu nao waliisema, na huwa inasemwa kwa fahari. Mimi ninajua yakifika tumboni yanafanya nini, kwa sababu mwaka uliofuata nilianza kunywa dawa za vidonda vya tumbo.

Usingizi ukakatika. Sikuwa nimekimbia vita, hakuna aliyenipiga, nilikuwa mwalimu mwenye mshahara na mke. Ningemwambia nani kwamba silali kwa sababu ya mkeka wa watu? Basi saa nane usiku nilichukua jembe nikaenda kulima. Mbalamwezi ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, na taa ya chemli. Ekari moja na nusu nililima hivyo. Kijiji kikanisifu! Bwana shamba alinitaja mkutanoni, mwalimu mchapakazi, anaamka kabla ya jogoo, igeni mfano. Nikazawadiwa jembe jipya. Nadhani sasa unaelewa kwa nini nina wasiwasi na sifa.

Mchana nilikuwa naumwa. Mwanaume wa kwetu hasemi ana huzuni, anasema kichwa, mgongo, tumbo, presha. Kwenye zahanati nilipimwa malaria mara sita hivi, na simlaumu aliyenipima, mkoa wetu una malaria kweli. Mara mbili nilikutwa nayo, nikafurahi. Fikiria mtu anafurahia malaria, kwa sababu ni jina linaloweza kutajwa mbele za watu. Mwishowe nilikwenda kwa mganga. Ndiyo, mimi, mwalimu wa sayansi na Kiswahili. Nchi nzima inatutania watu wa Kigoma kwa waganga, na hili nisingelikiri kwa mtu asiye wa damu yangu. Dawa yake sikuinywa, ilinuka kama beberu. Lakini swali lake la kwanza halikuwa wapi panauma. Aliuliza, "Nani amekufa?" Hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kuniuliza hivyo. Siku hizi kuna neno la kitaalamu, sonona, na watoto wa sekondari wanalijua. Wakati ule lingepita mbele yangu nisilisalimie.

Aliyenitoa pale ni mke wangu, na hakutumia hotuba. Usiku mmoja nilifika shambani nikakuta mtu tayari analima. Alikuwa yeye, amejitanda kanga mbili kwa baridi. Sikusema kitu, naye hakusema. Tulimaliza matuta mawili ndipo akanena, bila kunitazama, "Miezi minane nakusikia ukifungua mlango." Miezi minane! Na mimi nilikuwa nalipaka komeo mawese ili lisilie. Nikaketi kwenye tuta. Kilichotoka kinywani kilianza na mkeka. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Asubuhi sikuwa nimepona, ilichukua mwaka na zaidi. Lakini siku ile nililala mpaka saa mbili, nikachelewa shule, na mwalimu mkuu akanikaripia. Karipio lile lilinifaa kuliko jembe la zawadi.

Nakusimulia haya kwa ajili ya mkeo. Unadhani hajui. Mtu anayefua mashati yako anajua yameshinda wapi. Shati la ofisini hurudi na wino mfukoni na jasho la kwapani, shati la stendi hurudi na moshi wa dizeli kwenye kola na vumbi jekundu kwenye mshono wa nyuma, pale unapokalia kreti. Anasubiri umwambie. Pengine naye anaogopa kwamba akikuuliza utaaibika, kwa hiyo mmekaa wawili ndani ya chumba kimoja, kila mmoja amemfichia mwenzake siri ileile.

Na ule mshahara unaoingia nyumbani mwisho wa mwezi unatoka wapi? Sitaki kubahatisha. Kama ni ile mikopo ya kausha damu, niambie ni kiasi gani. Si kwamba nitailipa, pensheni ya mwalimu unaijua. Nataka tu namba hiyo isikae kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna swali jingine, na hili sitalipitisha kwenye methali wala mzaha. Ukiwa chini ya ule mwembe, umewahi kuwaza kwamba ni afadhali usingekuwepo? Nakuuliza waziwazi kwa sababu kipindi kile cha jembe wazo hilo lilinitembelea mimi, na hakuna aliyeniuliza. Wako wanaosema ukimuuliza mtu hivyo unamtia wazo kichwani. Si kweli. Wazo kama lipo limeshajikalia, na kuulizwa humpa mtu nafasi ya kulitoa. Kama jibu ni ndiyo, usinijibu kwa barua. Nipigie, hata saa nane usiku, saa hiyo naifahamu vizuri. Mwambie mkeo leo hii. Kisha twende hospitali wote, tumuulizie anayeshughulika na afya ya akili, nitakaa nawe kwenye foleni mpaka jina lako liitwe. Akitokea mtu wa kututania habari za Mirembe, nitamjibu mimi. Mirembe ya Dodoma ni hospitali, imewatibu watu tangu enzi za Waingereza, sisi ndio tuliogeuza jina lake kuwa tusi.

Najua pia sheria inafunga vinywa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu bado kinamhesabu mkosaji mtu aliyejaribu kujiua. Mtu ameshindwa na mzigo, tunamwongezea kesi juu yake. Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, na Januari mwaka huu Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinavunja katiba. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa kwa kujiua duniani kila mwaka, na wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Nimewaza sana juu ya hesabu hiyo. Sidhani kwamba sisi tunaumia mara mbili yao. Lakini usiogope: kusema kwamba unaumia, hata kusema kwamba umewaza hilo, si kosa mbele ya sheria yoyote, na mimi si askari.

Redioni nilisikia habari za daktari mmoja wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mwaka 2006, kule Mbare, Harare, hakuwa na wataalamu wala vyumba. Akachukua akina bibi 14 wa mtaani, akawafundisha, wakakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati wakiwasikiliza watu. Washona wana neno lao kwa sonona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "mtu ana mawazo". Waliokuja kwa wale bibi wakasaidika, ikapimwa kitaalamu ikaonekana. Mke wangu alipenda sana, akasema huku kwetu wakiweka akina babu benchi lote litageuka la bao. Nilicheka, lakini kilichonikaa moyoni ni kwamba wengi wa waliokuja kukaa pale walikuwa wanawake. Wanaume wa Harare walikuwa wapi? Nadhani walikuwa stendi, chini ya mwembe wao, na vitambulisho shingoni.

Wewe kreti tayari unalo. Limekosekana la pili.

Kondakta atakayekuletea barua hii ana debe la maharage ya soya na lingine la njano, mavuno ya mwezi huu kutoka shamba la Heru Juu. Umpe mkeo, na umwambie yametoka kwa mjomba. Usiseme umenunua. Anzia na jambo dogo hilo. Shamba lenyewe lina nusu ekari ambayo goti langu halifiki tena. Sikupi kama sadaka wala sikuambii uache kutafuta kazi, nakuambia tu ipo, na ardhi yake haiulizi kitambulisho.

Jumamosi nitapanda gari la asubuhi. Usinifuate nyumbani na wala usimwambie mama yako kwanza, huyo tutamwendea pamoja, nami nitaanza kwa kumwomba radhi kwa yale makofi. Nitashuka stendi mbele ya watu wote, sitapita nyuma ya fuso lolote. Tutamwomba yule muuza karanga kreti jingine. Nitakuuliza habari za hapa, nawe utasema salama, ndivyo tulivyolelewa. Sina haraka, gari la mwisho la kurudi ni la jioni, na likiniacha nitalala kwako.

Mjomba wako. Salama, ila goti la kushoto linauma tangu baridi ianze, yule mchuuzi bado hajalipa, na usiku wa kuamkia jana nimeuota tena ule mkeka.